Ada ni Sh. 60,000 tu, mbona bado ni ghali? Njia ya ufundi kwa kijana asiye na kitu

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka na mtoto akaambulia sifuri, kikao cha familia hakichukui muda. Mjomba anasema apelekwe VETA, vyuo vya Serikali vya ufundi stadi, baba anaitikia, mama anauliza ada. Anaambiwa ni Sh. 60,000 kwa mwaka kwa anayesoma kutwa, na Sh. 120,000 kwa anayelala bweni. Kila mtu anashusha pumzi. Fedha hiyo hainunui hata simu ya maana.

Mwaka haujaisha, yule kijana yuko kijiwe cha bodaboda. Chuo alikianza akaacha, au hakukianza kabisa. Wazee wanasema hana nidhamu, vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Mimi naona hesabu ilipigwa nusu.

Tuipige yote. Tuchukue kijana anayeishi Mbagala na anasoma kutwa VETA Chang'ombe, Dar es Salaam. Daladala moja kwenda na moja kurudi, kwa nauli ya Sh. 600, ni Sh. 1,200 kwa siku. Akihudhuria siku 200 kwa mwaka, nauli peke yake inafika Sh. 240,000, mara nne ya ada. Mchana ale wali maharage kwa mama ntilie, tuseme Sh. 2,000 pamoja na maji ya kunywa. Hapo kuna Sh. 400,000 nyingine. Ovaroli, viatu vya kazi, madaftari na gharama za fildi, yaani mafunzo ya vitendo mahali pa kazi, tuviweke kando. Kilicho kikubwa bado hakijaandikwa, nacho ni ujira anaoukosa. Kijana huyo huyo angekwenda kuwa saidia fundi kwenye nyumba inayojengwa, akalipwa Sh. 10,000 kwa siku, siku zile 200 zingempa Sh. 2,000,000. Jumlisha na ada: Sh. 2,700,000. Ndani ya fungu hilo, ada haifiki asilimia 3.

Unaweza kubishana nami kuhusu bei ya kibarua, maana inatofautiana kati ya mtaa na mtaa, na si kila siku kazi inapatikana. Ipunguze basi iwe nusu. Ada bado itabaki kuwa kitu kidogo kuliko vyote kwenye orodha.

Familia yenye uwezo haioni hizo Sh. 2,000,000 kwa sababu hakuna aliyekuwa anazitegemea. Kijana anayechangia kodi ya chumba na unga wa nyumbani anaziona kila jioni. Ndiyo maana mpango unaofuta ada na kuishia hapo huwafikia zaidi wale ambao wangejikamua na kulipa hata bila mpango. Aliye chini kabisa anakosa muda wa kusoma, na muda kwake ni chakula.

Nani anashika nini

Wengi hupotea kwenye majina ya ofisi, kwa hiyo tuyapange kwanza. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina Mamlaka yake ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo kama Mwanakwerekwe na Mkokotoni kule Unguja na Vitongoji kule Pemba.

VETA ilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 1 ya mwaka 1994. Haikuanza kwenye uwanja mtupu. Kabla yake kulikuwa na sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974, na nyuma yake sheria ya kikoloni ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi ukiwa kazini, ya mwaka 1940. Jambo kubwa lililokuja na mwaka 1994 lilikuwa fedha: tozo ya kuendeleza ufundi stadi, maarufu kama SDL, ambayo mwajiri hulipa kwa kukokotoa asilimia ya mishahara anayotoa. Kiwango chake kimekuwa kikiteremka. Kilikuwa asilimia 6, mwaka 2013 kikawa 5, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikakifikisha asilimia 3.5. Wanaotozwa sasa ni waajiri wenye wafanyakazi kumi na kuendelea.

Jina la tozo linasema ufundi stadi, lakini kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo iliyokwenda huko. Theluthi mbili ziliingia Hazina, na sehemu ikatumika kwenye mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Maana yake tozo iliyoanzishwa kwa ajili ya fundi seremala imekuwa ikimsomesha pia mwanasheria. Sina ugomvi na wanasheria. Nasema tu kwamba fedha za kumlipia mwanafunzi wa ufundi nauli na chakula hazikukosekana nchini. Zilipangiwa mtu mwingine.

Kuna pia NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Zamani VETA yenyewe ilikuwa inaendesha vyuo na papo hapo inawasajili na kuwasimamia wenye vyuo binafsi, yaani mchezaji ndiye refa. Tangu mwaka 2021 usimamizi wa vyuo vya ufundi stadi umeelekezwa kwa baraza hilo. Kwa mzazi, hii ina maana moja tu ya vitendo: chuo kikisema kimesajiliwa, swali ni kimesajiliwa na NACTVET kwa namba gani.

Wizara ya Elimu inasimamia VETA na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo imekuwa ikiendesha Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanza mwaka wa fedha 2016/17. Halmashauri ndizo zinazotoa mikopo ya vikundi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni za mafundi umeme. Yaani ujuzi unaupata kwenye ofisi moja, mtaji kwenye ofisi ya pili, ruhusa ya kufanya kazi kwenye ya tatu, na hakuna ofisi hata moja kati ya hizo ambayo kazi yake ni kumfuata kijana mmoja kuanzia anapojiandikisha mpaka anapolipwa na mteja wake wa kwanza. Ukitaka kujua vijana wanadondokea wapi, tazama kwenye nafasi kati ya dirisha na dirisha.

Kuhusu masomo yenyewe, mpangilio si mgumu. Ufundi stadi una Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi ya ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa kawaida mwaka mmoja kila ngazi, fildi ikiwemo. Fani nyingi za ngazi ya kwanza zinampokea hata aliyeishia darasa la saba. Masomo ya muda mrefu huanza Januari na maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anayengoja matokeo ya kidato cha nne ndipo aanze kuuliza anakuta mlango umeshafungwa. Zipo pia kozi fupi za wiki au miezi michache. Hizi ada yake ni tofauti na mara nyingi ni kubwa kuliko ile ya mwaka mzima, kwa sababu zinategemea mwanafunzi ajilipie. Watu wanachanganya hizi mbili, halafu wanasema VETA imepandisha ada.

Anayetaka kupanda kutoka fundi mchundo, yaani fundi wa mikono, kuwa fundi sanifu wa ngazi ya stashahada anaweza kuitumia ngazi ya tatu kuingia kwenye cheti na baadaye stashahada. Vyuo vingi bado vitamdai ufaulu fulani wa kidato cha nne juu yake. Aliyeishia la saba afanye kwanza Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni safari ndefu, lakini wapo wanaoimaliza.

Chuo kilicho chini ya mwembe

Sasa tuwatazame wengi zaidi. Vijana wengi wanaojifunza ufundi nchini hawajawahi kukanyaga VETA. Wako gereji bubu, kwenye banda la seremala, kwenye fremu ya fundi cherehani, kwenye nyumba inayopigwa ripu. Hakuna fomu ya kujiunga. Unapelekwa na shangazi anayemfahamu fundi, basi.

Gereji ya chini ya mwembe ina mtaala wake ingawa haujaandikwa popote. Miezi ya mwanzo unaosha vipuri kwa dizeli, unatumwa spana namba 12 ukileta 14 unafokewa, unamshikia fundi tochi. Kisha unaruhusiwa kufungua tairi, kubadili pedi za breki, kumwaga oili. Kama una jicho, mwaka wa pili unakaa karibu injini inaposhushwa. Giaboksi utaishika siku fundi amesafiri. Malipo ni hela ya kula, ikizidi ni hela ya soda aliyotoa mteja. Mwisho wa mafunzo hauna tarehe. Ni siku unayoondoka na mteja wako wa kwanza, na mara nyingi mnaachana kwa maneno.

Njia hii ina fadhila moja kubwa ambayo chuo hakina: mwanafunzi anakula huku anajifunza. Ile hesabu ya Sh. 2,000,000 inayomshinda wa Mbagala, hapa inapungua sana. Ndiyo maana watu wako huku. Kasoro zake pia ni za wazi. Fundi anabana ujuzi, na ana sababu, kwa kuwa unayemfundisha kila kitu leo kesho anafungua banda ng'ambo ya barabara. Hakuna anayekufundisha kwa nini fyuzi imekatika. Unafundishwa kuweka nyingine. Gari zenye kompyuta zilipoingia, mafundi wazuri wa karbureta walijikuta wanabahatisha.

Na aliyetoka chuoni ana kasoro iliyo kinyume. Anakueleza vizuri mfumo wa mafuta unavyofanya kazi, lakini ameshika injini chache kwa sababu darasa lilikuwa na injini moja na wanafunzi wengi. Waajiri wanaolalamika kwamba wahitimu hawajui kazi, na mafundi wa mtaani wanaolalamika kwamba hawaaminiwi, wanalalamikia kitu kimoja wakiwa pande mbili.

Kuna daraja limejengwa hapo katikati, na nashangaa linavyofahamika kidogo. Linaitwa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. VETA ilianza kulijaribu kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani, kwa fani kama ufundi magari, useremala, uashi na huduma za vyakula, na baadaye likaingizwa kwenye programu ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Fundi ambaye tayari anafanya kazi anaandika maombi, anaeleza alijifunza wapi na amefanya kazi zipi, anahojiwa, kisha anapimwa kwa vitendo. Seremala anaambiwa tengeneza kiungio hiki, mpimaji akiwa amesimama pembeni anatazama anavyopima, anavyokata, anavyoshika patasi. Akifaulu anapewa tuzo ya ngazi anayostahili. Akionekana ana pengo, anapewa mafunzo mafupi ya kuliziba, halafu anapimwa tena. Hakai darasani mwaka mzima kufundishwa kushika msumeno alioushika miaka kumi.

Sasa cheti cha nini kwa mtu ambaye kazi anaijua na wateja anao? Mfano mzuri kuliko yote ni umeme wa majumbani. Ufungaji wa nyaya ndani ya nyumba kisheria unafanywa na mwenye leseni ya EWURA, na leseni hizo hutolewa kwa madaraja kufuatana na elimu na uzoefu wa mtu. Mwenye nyumba anapoomba kuunganishiwa umeme na TANESCO, shirika la umeme, fomu lazima iwe na mhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Fundi wa mtaani amechimbia mabomba ukutani, amevuta nyaya, amefunga soketi na mzunguko wa taa, kazi yote ni yake. Lakini mhuri hana. Kwa hiyo anamtafuta mwenye mhuri, anamlipa, fomu inagongwa, na mara nyingine aliyegonga hajaiona hata nyumba.

Hebu tazama fedha ilivyokwenda hapo. Aliyetoka jasho anakatwa kipande cha ujira wake kumlipa aliyekaa, kila nyumba, maisha yake yote ya kazi. Na nyumba ikiungua, karatasi inamtaja mtu ambaye hakuigusa. Cheti kinachomfungulia fundi huyo njia ya kuomba leseni ya daraja la chini kinamrudishia kipande hicho cha ujira, na kinamfanya awajibike kwa jina lake. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Kwa fundi umeme, bila mhuri hautambuliki pia.

Kwa fani nyingine faida ni ndogo zaidi, tuwe wakweli. Fundi cherehani wa Manzese haulizwi cheti na mtu, anaulizwa gauni litakuwa tayari lini. Fundi uashi anakihitaji siku kampuni ya ujenzi inapoajiri kwa mkataba, au anapotaka kuomba kazi ya Serikali. Ushauri wangu kwa fundi mwenye kazi zake ni kujiuliza kwanza cheti kitamfungulia mlango upi hasa. Kama haujui huo mlango, fedha ya kutafutia cheti inunue kifaa.

Siku ya pili baada ya mahafali

Picha za mahafali huwa nzuri. Mgeni rasmi anawaambia wahitimu wakajiajiri. Kijana aliyemaliza uchomeleaji anarudi nyumbani na joho la kukodi na cheti. Ili ajiajiri anahitaji mashine ya kuchomelea, grinda, rodi, miwani, umeme wa uhakika, na fremu au kibanda ambacho mwenye nacho anadai kodi ya miezi sita mbele. Mashine moja ya kawaida inazidi ada ya miaka yote aliyosoma.

Serikali inalo jibu la hili, lile la asilimia 10. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hili liliwekwa kwenye sheria mwaka 2018. Aprili 2023 utoaji ulisimamishwa baada ya ukaguzi kuibua vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, kisha ukarejeshwa mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya.

Mkopo usio na riba ni kitu cha thamani, na sitaudharau. Lakini una tatizo la umbo. Kijana unakopeshwa ndani ya kikundi chenye mradi mmoja, wakati ufundi ni kazi ya mikono ya mtu mmoja. Mchomeleaji aliyetoka chuoni anaambiwa atafute wenzake. Waliosoma naye wametawanyika mikoa mitano. Wenzake wa mtaani ni wa bodaboda na wauza mitumba. Anajiunga nao kwenye mradi wa kufuga kuku, kwa sababu ndio mradi ambao kila mtu anaweza kusema anaujua, na ile fani aliyoisomea inabaki kwenye fremu ya picha sebuleni. Watu wenye ulemavu wameruhusiwa kukopa hata mmoja mmoja. Sioni kwa nini mhitimu wa ufundi, tena mwenye cheti kinachoweza kuhakikiwa, asiruhusiwe vivyo hivyo, na mkopo wake ukatoka kwa umbo la vifaa badala ya fedha taslimu. Grinda ni ngumu kuila kuliko pesa.

Njia ya pili baada ya mahafali ni kuajiriwa, na hapa mpango wa uanagenzi ndio uliofanya vizuri zaidi kwa maoni yangu. Serikali inamlipia kijana mafunzo, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo inafanyika mahali pa kazi penyewe. Miongoni mwa walioanza nao ni kiwanda cha nguo cha Tooku pale Mabibo, Dar es Salaam, ambako vijana walifundishwa kushona kiwandani. Vyuo vya mashirika ya dini, kama Don Bosco, navyo vimepokea vijana wa uanagenzi. Faida yake ni kwamba mwajiri anamwona kijana akifanya kazi kabla ya kumwajiri, na kijana anajua saa za kiwanda kabla hajasaini.

Lakini aliyefundishwa kiwandani ajue alichofundishwa. Kwenye mstari wa kiwanda mtu mmoja anashona mfuko wa suruali ya jinsi kutwa nzima, na anaushona kwa kasi ambayo fundi wa mtaani hawezi. Hakati kitambaa, hapimi mteja, hajui kola. Kiwanda kikipunguza watu, anarudi mtaani na ujuzi wa mfuko. Hilo halifanyi mafunzo yawe mabaya. Linamaanisha kwamba anayetaka siku moja awe na fremu yake lazima ajifunze kukata na kupima, hata kama ni jioni kwa fundi wa jirani.

Njia ya tatu ni zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi za Serikali zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Madawati ya shule, sare, ukarabati wa vyoo vya zahanati, vyote hivyo ni kazi za mafundi. Vikundi vinatakiwa viwe vimesajiliwa na viingie kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, ambako zabuni zote sasa zinatangazwa. Kikwazo hapa ni kusubiri malipo. Taasisi inaweza kuchelewa kulipa, na kikundi kilichokopa mbao kinavunjika kikiwa kinaidai Serikali.

Wasichana, na wenye ulemavu

Msichana aliyeacha shule kwa ujauzito alifungiwa kwa muda mrefu mlango wa kurudi darasani, mpaka Serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba anaweza kurejea. Kabla ya hapo, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi ndivyo vilivyokuwa kimbilio lake. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden. Viko zaidi ya hamsini, vingi viko wilayani na vina bweni, na havimdai mtu cheti cha mtihani fulani ndipo aingie. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, mama mdogo anasoma ufundi au anamalizia sekondari, na mtoto wake anaachwa kwenye kituo cha malezi kilicho hapo hapo chuoni. Hicho kituo ndicho kilichofanya kazi. Ungemfutia ada mara kumi, bila mtu wa kumshika mtoto asingekaa darasani saa moja.

Kinachoniudhi ni orodha ya fani anazopewa: ushonaji, mapishi, saluni. Mtaa mmoja una saluni saba. Msichana anayejifunza umeme, aluminiamu au ufundi wa majokofu na viyoyozi anaingia kwenye soko lenye watu wachache, na wateja wanawake wanaoishi peke yao mara nyingi wangependelea fundi wa kike aingie ndani kwao. Vyuo vinawapokea. Wanaosita ni wazazi, na wakati mwingine mwalimu anayejaza fomu.

Kwa wenye ulemavu kuna vyuo mahususi, kikiwemo cha Yombo jijini Dar es Salaam, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ni sheria nzuri, isipokuwa mkaguzi wake haonekani. Ingekaguliwa kama SDL inavyokaguliwa, tungeona tofauti ndani ya mwaka mmoja.

Kinachokuja

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, kwenye sekondari, na vyuo vya VETA vya wilaya vipya 64 vimekuwa vikijengwa pamoja na kile cha mkoa wa Songwe. Chuo kikisogea wilayani, ile nauli inapungua, na hilo ni jambo jema moja kwa moja. Lakini kuna upande mwingine wa kuangaliwa. Ufundi umeanza kuheshimika. Wahitimu wa vyuo vikuu waliokosa ajira wanaomba VETA, wazazi wenye magari wanaulizia fani ya umeme. Nafasi zikigombaniwa, anayeshindwa kwanza ni yule aliyechelewa kuona tangazo kwa kuwa hana bando, na aliyeshindwa mahojiano kwa kuwa shule yake haikuwa na mwalimu wa hisabati. Tulizoea kusema VETA ni ya waliofeli. Ilikuwa kejeli, lakini angalau waliofeli walikuwa na mahali pao.

Kwa anayempeleka mtoto Januari ijayo, maswali ya kuuliza getini ni haya. Namba ya usajili wa NACTVET ni ipi, na fani hii yenyewe imo kwenye usajili huo? Karakana ina mashine ngapi zinazofanya kazi leo, kwa wanafunzi wangapi, na naweza kuziona sasa hivi? Fildi mnamtafutia ninyi au anajitafutia? Vifaa vya mazoezi vimo ndani ya ada au atadaiwa kila wiki? Kuna kozi ya jioni, ili asubuhi aendelee na kibarua? Na mwombe mhusika akupe namba za simu za wahitimu wawili wa mwaka juzi. Ukipiga, waulize wanapata riziki kwa kazi gani, na vifaa vyao walivipataje.